Kiatu cha Bibi Lois

Huenda nawe hapa Eldoret umemwaga chang'aa ya mumeo, ukapekua mifuko yake, ukalia, na bado akarudi kwa mama pima. Basi mfahamu Bibi Lois, mke wa Bill Wilson wa Marekani.

Walioana tarehe 24 Januari 1918. Bill alikunywa hata kazi yake ya soko la hisa ikaharibika, na Lois akawalisha wote wawili kwa mshahara wa dukani. Kwa miaka mingi alijaribu kumponya kwa upendo wake. Hakuweza.

Mwishoni mwa 1934 Bill alitembelewa na rafiki aliyekuwa mlevi mwenzake, sasa ameacha. Huyo alimsikiliza. Desemba hiyo akaacha naye. Mei 1935, akiwa ugenini Akron na kiu imemshika, alitafuta mlevi wa kumsaidia, akampata Daktari Bob Smith. Ndiyo asili ya kile chama cha AA.

Unadhani Lois alifurahi? Siku moja Bill alipomhimiza wawahi mkutanoni, alimtupia kiatu! Iliuma kwamba wengine waliweza pale yeye aliposhindwa. (Wanawake wengi huona haya kulikiri hilo.) Hapo akatambua kuwa naye ni mgonjwa wa kuhitaji wenzake. Mwaka 1951, yeye na rafiki yake Anne wakaanzisha Al-Anon, kwa ajili ya jamaa za walevi.

Bill hakunywa tena. Alifariki tarehe 24 Januari 1971, siku ndoa yao ilipotimiza miaka 53.