Wangari Maathai na mito iliyogeuka tope

MKULIMA wa Kigonsera anayeona kijito kikibadilika rangi kila mvua inaponyesha ana sababu ya kuyajua maisha ya Profesa Wangari Maathai wa Kenya.

Alizaliwa Aprili 1, 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Utotoni alichota maji safi kwenye kijito karibu na mkuyu mkubwa. Baadaye mkuyu ulikatwa na kijito kikakauka.

Miaka ya 1970, akiwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alizunguka vijijini kuchunguza kupe wa ng'ombe. Huko aliona mito imejaa udongo uliosombwa kutoka vilimani, ambako misitu ilikuwa imefyekwa. Hasara ilikuwa mara mbili: shamba lilipoteza rutuba, na aliyeishi bondeni alichota tope.

Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement. Kinamama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Alipigwa na kuwekwa mahabusu, lakini hakuacha. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki dunia Nairobi, Septemba 25, 2011, akiacha miti zaidi ya milioni 30 imepandwa.

Mbinga nayo ina elimu yake ya zamani: ngoro za Wamatengo. Mashimo hayo hushika maji na udongo mlimani, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Anayeziacha akalima kufuata mteremko anaitupa mtoni mbolea aliyoinunua, na jirani wa chini ndiye anayeinywa.