Maisha ya Profesa J. L. B. Smith, Mtafuta Samaki

Wengi wetu tulio hapa Kizwite hatujapata kuiona bahari. Samaki tuwajuao ni migebuka na dagaa waletwao sokoni Sumbawanga kutoka Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, napenda kuwasimulia habari za mtu aliyezaliwa bara kama sisi, kisha akaja kuwajua samaki wa pwani ya Afrika ya Mashariki kuliko wataalamu wengi wa siku zake.

James Leonard Brierley Smith alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuja Afrika ya Mashariki akiwa askari. Huku aliugua malaria na kuhara damu, na tangu hapo afya yake haikuwa nzuri tena. Vita vilipokwisha alisoma kemia, akapata shahada ya udaktari huko Cambridge, Uingereza, kisha akawa mwalimu wa kemia mjini Grahamstown. Habari za samaki alijifunza mwenyewe wakati wa mapumziko.

Tarehe 22 Desemba 1938, Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London, alimwona samaki wa ajabu katika shehena ya meli ya uvuvi. Alikuwa na magamba magumu, na mapezi yake yalikuwa kama miguu mifupi. Alimchora, akampelekea Smith picha ile. Smith alishangaa sana. Huyo alikuwa silikanti, samaki ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, nao waliamini kwamba alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Kwa bahati mbaya, matumbo yake yalikuwa yamekwisha kutupwa. Smith akaazimia kumtafuta mwingine.

Utafutaji huo ulichukua miaka 14. Yeye na mkewe, Margaret, ambaye alikuwa hodari wa kuchora samaki, walisafiri katika pwani ya Msumbiji, Kenya, Zanzibar na Pemba. Maji yalipokupwa walitembea juu ya miamba ya matumbawe, wakikusanya samaki wa kila rangi na kuwaandika mmoja mmoja. Walieneza pia matangazo yenye picha ya silikanti, wakiahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata.

Mwaka 1952 walimpa matangazo hayo nahodha mmoja mfanya biashara, Eric Hunt, ambaye aliyapeleka Visiwa vya Komoro. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Anjouan alivua samaki mkubwa. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alimwona, akaikumbuka picha ya tangazo. Samaki akachukuliwa kuvuka milima hadi alikokuwa Hunt, naye akamtia chumvi asioze. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini alimpa Smith ndege ya jeshi, akaenda kumchukua. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki yule tangu zamani; ni ulimwengu wa wataalamu uliokuwa haujui.

Lakini si kila alilolitenda mtu mkubwa lafaa kuigwa. Ili kupata samaki kwa wingi, Smith alitumia baruti katika miamba. Siku zile wengi hawakuona ubaya wake. Leo twajua kwamba matumbawe ni kazi ya wanyama wadogo sana, ambao hujenga mwamba polepole kwa miaka mingi. Mshindo mmoja huuvunja mwamba huo, na samaki hukosa mahali pa kujificha, pa kulisha na pa kuzalia. Katika pwani ya Tanzania uvuvi wa baruti umeleta hasara kubwa, na sheria inaukataza.

Profesa Smith alifariki mwezi wa Januari 1968. Hakupata kujua kwamba silikanti wamo pia katika bahari ya Tanzania. Tangu mwaka 2003 wamevuliwa kadhaa, wengi wao huko Tanga, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari iliundwa Tanga kwa ajili yao.

Ndugu wanafunzi, tuchukue bidii ya Smith, tuiache baruti yake. Tena tumkumbuke yule mwalimu wa Anjouan. Kama asingaliitazama vema karatasi ile, samaki yule angalikatwa vipande sokoni. Ziwa letu Tanganyika nalo lina samaki wengi wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Mwenye macho ya kuwatazama, na moyo wa kuwatunza, aweza kuwa ameketi katika darasa letu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne