Joel Walker Sweeney na Uzi wa Kidole Gumba

Katika historia ya muziki wa Marekani, jina la Joel Walker Sweeney huambatanishwa na dai moja kuu: kwamba yeye ndiye aliyebuni uzi wa tano wa banjo. Dai hilo lilienea baada ya kifo chake, likarudiwa vitabuni hadi likachukuliwa kuwa ukweli usiohitaji ushahidi.

Sweeney alizaliwa mwaka 1810 katika jimbo la Virginia, wilaya ya Buckingham, sehemu ambayo tangu 1845 imo katika wilaya ya Appomattox. Alikuwa Mzungu. Banjo alijifunza kwa watu weusi wa jirani, ambao jamii yao ilikuwa ikiipiga ala hiyo vizazi kadhaa kabla yake. Thomas Jefferson, mwenyeji wa jimbo hilohilo, aliitaja katika kitabu chake kuhusu Virginia kilichotoka miaka ya 1780, akaeleza kuwa watumwa waliileta kutoka Afrika. Yeye aliiandika banjar. Huko Haiti iliitwa banza. Tofauti hizo za matamshi zinadhihirisha jina lililosafiri kwa vinywa muda mrefu kabla ya kukutana na kalamu.

Ala yenyewe ilikuwa kibuyu kilichokatwa, kikawambwa ngozi na kutiwa mpini. Uzi mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine, nao ulipigwa kwa kidole gumba. Hapa ndipo dai linapovunjika. Mchoro wa John Rose, uliochorwa South Carolina kati ya 1785 na 1790 hivi, unamwonyesha mtu mweusi akipiga banjo ya nyuzi nne, mmojawapo ukiwa huo mfupi. Sweeney alikuwa bado hajazaliwa. Aidha, akonting ya Wajola wa Senegambia ina uzi mfupi wa namna hiyo, na mpigaji wake huushusha ukucha wa kidole cha shahada juu ya uzi mrefu, kisha gumba hujibu. Ndivyo walivyopiga banjo wapigaji wa zama za Sweeney. Ikiwa yeye aliongeza uzi wowote, yamkini ni ule mnene wa sauti ya chini.

Alichokifanya kwa hakika ni kuipandisha banjo jukwaani. Katika miaka ya 1830 alizunguka na sarakasi katika majimbo ya kusini, na mwaka 1839 alikuwa New York. Alipiga uso wake ukiwa umepakwa masizi ya kizibo kilichochomwa, akiwaiga watu walewale waliomfundisha, mbele ya Wazungu waliolipa ili wacheke. Wapenzi wengi wa banjo hulipita jambo hili kwa haraka, nalo halistahili kupitwa: kipaji na dhihaka vilikaa katika onyesho moja.

Kutoka kwake banjo ilimfikia Billy Whitlock. Februari 1843, huko New York, Whitlock aliungana na Dan Emmett kwenye fidla, Dick Pelham kwenye tari na Frank Brower kwenye mifupa, wakaunda kundi la Virginia Minstrels. Mifupa ni vipande vya mbavu za mnyama. Viwili hubanwa katikati ya vidole vya mkono mmoja, kimoja kikatulizwa na kingine kikaachiwa kukigonga kadiri mkono unavyotikiswa. Mpigaji hodari hutoa mwaliko wa kasi unaoshindana na ngoma. Mwaka huohuo Sweeney alivuka kwenda Uingereza, na mwaka 1844 alipiga pamoja na Emmett, Brower na Pelham huko ng'ambo.

Katika miaka hiyo William Boucher wa Baltimore alianza kutengeneza banjo zenye duara la mbao. Kibuyu kikatoweka polepole, na pamoja nacho alama iliyo wazi zaidi ya asili ya ala.

Sweeney alifariki Appomattox mwaka 1860. Mdogo wake Sam, naye mpigaji banjo, alimtumbuiza Jenerali J.E.B. Stuart wa jeshi la Kusini, lililopigania kudumu kwa utumwa, akafa kwa ndui Januari 1864. Tarehe 9 Aprili 1865 Jenerali Lee alisalimu amri mbele ya Grant katika wilaya hiyohiyo ya Appomattox, na watumwa waliosalia humo wakawa huru. Kaburi la Sweeney liko huko. Majina ya waliomfundisha hayakuhifadhiwa.