Joseph Murumbi na Bei ya Sanaa

Wahenga walitufunza kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maisha ya marehemu Joseph Zuzarte Murumbi yanautia usemi huo katika mizani, hasa tunapouhusisha na kazi za wasanii.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911, babake akiwa mfanyabiashara Mgoa na mamake Mmaasai. Alisoma India, akafanya kazi Somalia, kisha akarejea Kenya na kujiunga na chama cha KAU mwaka 1952. Uhamishoni London alianza kukusanya vitabu kuhusu Afrika. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa pili wa Rais. Wadhifa huo aliujiuzulu kabla ya mwaka kwisha.

Nje ya siasa, alikabiliana na swali linalomsumbua kila mchoraji: picha moja iliyochorwa kwa mkono ni ya bei gani? Tukihesabu rangi, kitambaa na siku za kazi, tunapata gharama tu. Kando ya barabara, mtalii huiteremsha hata gharama hiyo, kwani haoni tofauti kati ya picha ya pekee na kinyago kilichonakiliwa mara mia. Mnamo 1972, Murumbi, mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage katikati ya jiji la Nairobi. Hapo kazi za Waafrika kutoka pembe mbalimbali za bara zilionyeshwa kama sanaa yenye hadhi. Chema, kumbe, huhitaji mahali pa kusimama ndipo kijiuze.

Mtihani mkubwa zaidi ulimfika alipolazimika kupanga bei ya mkusanyo wake mwenyewe. Taasisi za ng'ambo zilitaka kuununua. Murumbi alizikataa, akaiuzia serikali ya Kenya kwa bei nafuu. Alichokipunguza katika fedha alitarajia kulipwa kwa ahadi: nyumba yake ya Muthaiga ingegeuzwa kuwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Ahadi hiyo haikutimizwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, na hatimaye ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990.

Je, alipunjwa? Kwa upande wa nyumba, ndiyo; na funzo lake ni chungu, kwamba sharti lisilo na mlinzi si malipo. Hata hivyo, vitabu adimu vipatavyo 8,000 na kazi nyingi za sanaa vingali Nairobi, katika Makavazi ya Taifa na katika jengo kongwe lililokuwa afisi ya Mkuu wa Mkoa. Mwanafunzi wa leo huvifikia kwa matatu. Lau bei ya juu ingeshinda, angehitaji viza.

Kiswahili kinatofautisha bei na thamani: bei huafikiwa na wawili, muuzaji na mnunuzi, ilhali thamani huwahusu hata wasiokuwapo. Murumbi alipanga bei akiwafikiria hao wasiokuwapo. Kaburi lake limo City Park, Parklands, eneo la Westlands, karibu na la rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka 1965. Limezungukwa na vinyago vya wasanii aliowaenzi, na kuvitazama hakuhitaji kuvinunua.