Matsuo Bashō: Msafiri Aliyejiita Mgomba

Katika nchi ya Japani ni vigumu kumpata mtunzi wa mashairi anayejulikana kuliko Matsuo Bashō, ingawa zaidi ya karne tatu zimepita tangu afe. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu askari na polisi maisha ya mtu huyu, kwa kuwa alitoka katika ukoo wa watumishi wa silaha, na kwa kuwa jina alilojichagulia ni jina la mmea tunaouona kila siku mashambani mwetu, yaani mgomba.

Alizaliwa mwaka wa 1644 katika jimbo la Iga. Jamaa zake walikuwa wa daraja la chini miongoni mwa askari, nao katika siku zile za amani waliishi kwa jembe kuliko kwa upanga. Alipokuwa kijana aliingia katika nyumba ya wakuu wa Tōdō kumtumikia Yoshitada, mwana wa nyumba hiyo, aliyemzidi umri kidogo tu. Bwana na mtumishi wakapendana, wakajifunza utunzi pamoja. Lakini mwaka wa 1666 Yoshitada alifariki, angali kijana, na Bashō akauacha utumishi ule. Askari yeyote aliyepata kumzika mkubwa wake mpenzi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka wa 1672 alihamia Edo, mji ambao leo waitwa Tokyo. Kwa muda wa miaka minne hivi alishughulika na kazi za mifereji ya maji ya mji, huku akifundisha utunzi. Sifa zake zilienea na wanafunzi wakaongezeka. Hata hivyo, mwaka wa 1680 aliiacha mitaa yenye shughuli nyingi akaenda kukaa kibandani huko Fukagawa, ng'ambo ya mto Sumida. Mwanafunzi wake mmoja akampa mche wa mgomba, ukapandwa karibu na nyumba. Mgomba wa kwao hauzai ndizi za kuliwa, na majani yake hupasuliwa na upepo. Bashō aliupenda kwa ajili ya unyonge wake huo huo. Watu wakakiita kibanda kile nyumba ya mgomba, naye mwenyewe akalitwaa jina hilo.

Yafaa tueleze aina ya mashairi aliyoyatunga. Sisi tumezoea shairi la beti nyingi, na mshororo mmoja wenye mizani kumi na sita. Shairi la Bashō lote, mwanzo hadi mwisho, lina mizani kumi na saba tu: tano, saba, kisha tano. Ndani yake sharti liwemo neno la kuonyesha majira ya mwaka, kama vile theluji, mvua au mdudu fulani. Nafasi ya kuhubiri hapana. Mtunzi aonyesha kitu alichokiona, kisha ananyamaza, na msomaji aachiwa kazi ya kufikiri. Shairi lake mashuhuri kupita yote, la mwaka wa 1686, lahusu chura na dimbwi la maji. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba atakaye kuujua mti na auendee mti wenyewe, wala asitosheke na maneno ya watu juu yake.

Furaha hiyo hakuipata kwa raha. Katika majira ya baridi ya 1682 hadi 1683 moto mkubwa uliiteketeza Edo, na kibanda chake kikaungua. Mwaka huo wa 1683 mama yake alifariki. Kuanzia 1684 akashika njia, na katika miaka iliyobaki alifanya safari ndefu za miguu.

Safari kubwa kuliko zote ilianza mwaka wa 1689. Aliuacha ukazi wake, akaondoka na mwanafunzi wake Sora kwenda kaskazini, mwendo wa kilomita 2,400 hivi kwa muda wa miezi mitano. Mabega yake membamba yalilemewa na mzigo wa nguo, wino na kalamu, pamoja na zawadi za marafiki ambazo hakuweza kuzitupa. Katika kituo kimoja cha mpakani walinzi waliwashuku, wakawaruhusu kupita kwa shida. Usiku ulipoingia, nyumba iliyowapokea ilikuwa ya mlinzi wa mpaka, na dhoruba ikawazuia humo siku tatu. Bashō hakulalamika; hata viroboto na chawa wa mle ndani aliwatungia shairi.

Kisha alifika Hiraizumi. Hapo mwaka wa 1189, miaka mia tano kamili kabla yake, jemadari Yoshitsune na watu wake waaminifu walikuwa wameangamia. Bashō hakuikuta ngome wala bendera, ila majani mabichi ya kiangazi yaliyoota juu ya uwanja. Aliketi chini, akalia kwa muda mrefu. Mtoto wa ukoo wa askari aliwalilia askari wasiomhusu, wa karne nyingine, wala hakuuliza nani alikuwa na haki. Shairi alilolitunga hapo Wajapani wengi walijua kwa moyo hata leo.

Alifariki huko Osaka mwaka wa 1694, akiwa na umri wa miaka hamsini, tena yungali safarini. Kitabu cha safari ile ya kaskazini kilipigwa chapa mwaka wa 1702. Alikuwa ameagiza azikwe Ōtsu, karibu na ziwa Biwa, kando ya kaburi la jemadari Yoshinaka aliyeuawa vitani mwaka wa 1184. Wawili hao wangali wamelala pamoja, mwenye upanga na mwenye kalamu.

Ndugu zetu, mtu wa lindo hufundishwa kutazama na kusikiliza, lakini hufundishwa kumtafuta adui peke yake. Akizoea hivyo miaka mingi, huenda akarudi nyumbani na macho yasiyowaona tena hata watoto wake. Hiyo ni hasara ambayo haiandikwi katika daftari la kikosi. Basi zamu yako ikiisha, kabla ya kulala, kumbuka kitu kimoja ulichokiona usiku huo kisichokuwa na hatari yoyote: umande juu ya jani la mgomba, ama sauti ya chura bondeni. Kihesabie mizani kumi na saba kwa vidole. Kazi hiyo haigharimu kitu, na yule msafiri wa Iga hakuwa na mali nyingine.