Livingstone wa Kwihara na watu waliobeba kazi yake

Mama au mlezi, huenda siku moja ukiwa kliniki utaombwa mtoto wako ashiriki katika utafiti wa dawa, chanjo au lishe. Huenda watafiti hao wametoka Dar es Salaam, au wameshirikiana na wenzao wa Ulaya. Kabla ya kujibu, fahamu habari za mgeni mmoja aliyepita njia ya misafara ya Tabora, na za watu waliofanya kazi yake isipotee.

Alikuwa nani?

David Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813 katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba, huku akisoma usiku. Baadaye akawa daktari na mmisionari, akafika Afrika mwaka 1841. Aliandika alichokiona: mito, mimea, biashara ya watumwa na magonjwa. Homa ya malaria aliitibu kwa kwinini iliyochanganywa na dawa nyingine, ingawa wakati huo madaktari hawakujua kwamba huenezwa na mbu.

Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa. Tangu hapo daktari mwenyewe akawa wa kuuguzwa. Mwaka 1869 alipougua mapafu, watu wa msafara wa biashara walimbeba kwa machela kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta Ujiji akiwa amedhoofu, akampa chakula na dawa.

Miezi ya kungoja Tabora

Februari 1872 wote wawili walifika Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Mwezi uliofuata Stanley alirudi pwani, akiahidi kutuma wapagazi. Livingstone alingoja kwenye tembe mpaka Agosti, walipowasili wapagazi zaidi ya 50. Ahadi ilitimizwa, naye akaendelea na safari.

Mwaka 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kiko Zambia. Watu wake wangeweza kutawanyika. Badala yake Susi na Chuma, waliokuwa naye kwa miaka mingi, Jacob Wainwright aliyejua kuandika, na wenzao waliukausha mwili, wakafunga madaftari yake na kuanza safari ya kwenda pwani. Walipofika Tabora, maofisa wa Kiingereza waliwashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Livingstone alizikwa London Aprili 1874. Wainwright alikuwepo, lakini Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi. Hata hivyo wao ndio waliomsaidia mhariri, Horace Waller, kuelewa majina ya mahali na matukio yaliyoandikwa kwenye madaftari. Kitabu kilitoka mwaka huohuo.

Hili linakuhusu vipi?

Mtafiti huja na kuondoka. Kazi yake hudumu pale wenyeji wanapoaminiwa, ahadi zinapotimizwa na majibu yanaporudi kwa waliotoa habari. Wewe unayemjua mtoto wako, unayejua homa ilianza lini na alikula nini, ni mshirika katika utafiti huo.

Nchini Tanzania, utafiti wa afya unaohusisha watu unahitaji kibali cha maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ni miongoni mwa wanaosimamia jambo hilo. Ukiombwa kushiriki, uliza:

- Mna kibali? Kimetolewa na nani?
- Mtoto atafanyiwa nini, na kuna madhara gani?
- Akipata shida, nimpigie nani, na nani atalipia matibabu?
- Matokeo mtatuletea lini, na kwa lugha gani?

Una haki ya kukataa, au kukubali kisha kujitoa, na mtoto aendelee kupata huduma zake za kawaida. Usitie sahihi wala dole gumba kabla hujaelewa.