Mzee Aliyejifunza Baiskeli

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sina ugomvi na wahenga, lakini leo napenda kuwasimulia wasomaji habari za mzee mmoja aliyekunjika akiwa mkavu. Si mtu wa kwetu Amu. Ni Mrusi, mwandishi mashuhuri Leo Tolstoy.

Alizaliwa mwaka 1828 huko Yasnaya Polyana, kusini ya Moscow, katika ukoo wa mabwana wenye mashamba. Mama yake alifariki yeye hajatimiza miaka miwili, na baba yake akafariki yeye ana miaka 8. Alikwenda Chuo Kikuu cha Kazan kusoma Kiarabu na Kituruki, lakini akatoka mwaka 1847 bila ya shahada. Ujana wake ulipotea katika kamari na anasa, kisha akawa askari katika milima ya Caucasus na vita vya Crimea. Vitabu viwili vilivyompa jina duniani, Vita na Amani na Anna Karenina, alivimaliza kabla ya kufika miaka 50.

Mwingine angalikaa barazani akala sifa zake. Tolstoy alizidi kujifunza. Kiyunani alikianza ana miaka 42. Alipopita miaka 50 alijifunza Kiebrania, akashika msharasi na ngozi akashona viatu kwa mkono wake. Pombe na tumbaku akaviacha.

Mwezi wa Februari 1895 ukamfika msiba. Kitindamimba wake, Vanichka, alifariki kwa maradhi ya homa na vipele, hata miaka 7 hajatimiza. Nyumba ikajaa majonzi. Mzee alikuwa akikaribia miaka 67, umri ambao huku kwetu mtu huachiwa baraza na kikombe cha kahawa.

Miezi miwili baadaye, katika ukumbi mkubwa wa kufunzia farasi mjini Moscow, mzee huyu mwenye ndevu hadi kifuani alianza kujifunza kupanda baiskeli. Mfuasi wake mmoja hakupendezwa, maana Tolstoy alikuwa akifundisha watu kuacha mambo ya dunia. Mwenyewe aliandika katika daftari lake la kila siku kwamba haoni haya. Watu na waseme watakalo. Ile ilikuwa furaha isiyomdhuru mtu, kama furaha ya mtoto.

Sisemi kwamba baiskeli ilimtoa huzuni. Aliyefiwa na mtoto anajua kuwa subira hutoka kwa Mwenyezi Mungu, haitoki dukani. Lakini nami nilijifunza baiskeli ukubwani, ng'ambo ya Mokowe, kwani vichochoro vya mji wa Amu vilijengwa kwa miguu na punda. Kwa hivyo kidogo naelewa. Mpanda baiskeli akitazama gurudumu huanguka. Sharti atazame mbele. Kwa muda ule moyo wenye mzigo hupumzika, pumzi hurefuka, na usiku usingizi huja bila ya kuitwa. Kicheko cha watu nacho hakidumu. Walionicheka siku ya kwanza ndio waliokuja kuniazima baiskeli siku ya kumi.

Baada ya msiba ule Tolstoy aliishi miaka 15 zaidi. Katika muda huo alitoa kitabu chake cha Ufufuo, mwaka 1899, akaandika pia kisa cha Hadji Murat, shujaa wa Kiislamu wa Caucasus, kilichochapishwa baada ya kufa kwake. Mwaka 1904 Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, alimwandikia barua, naye akamjibu. Alifariki Novemba 1910, akiwa na miaka 82, katika kituo cha reli cha Astapovo. Kaburi lake huko kwao ni tuta la nyasi chini ya miti, halina jiwe wala jina.

Basi ndugu yangu uliyefika hamsini au sitini, ukaona haya kuanza jambo la heri kwa kuchelea vicheko vya barazani, mkumbuke mzee huyu. Samaki mbichi hukunjika upesi, ni kweli. Lakini kila mpishi wa pwani anajua kuwa hata papa mkavu hukunjika, akilowekwa.